Mtoto wa Kwenye Kadi

Mzani wa kliniki ya watoto ulikuwa umekufa tangu kabla mtoto wa hadithi hii hajazaliwa. Mshale wake uliganda kwenye kilo kumi na moja, na kumi na moja hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa uzito wa kila mtoto aliyening'inizwa pale, na wa kaptura tupu pia. Hata hivyo kila Jumanne akina mama walipanga foleni tangu alfajiri, wakawavua watoto nguo kwenye baridi ya asubuhi, wakawavika ile kaptura ya turubai yenye mikanda, wakawaning'iniza. Watoto walilia. Nesi wa mzani hakuinua macho. Aliinamia kadi, akaitafuta nukta ya mwezi uliopita, akaweka rula, akatia nukta mpya pale ambapo mstari wa kijani ulikuwa ukielekea wenyewe.

"Kilo saba," alisema. "Hongera, mama. Anayefuata!"

Mama aliyepongezwa alikuwa dobi, mwanamke mwenye vidole vilivyochunwa na sabuni. Mwanawe alikuwa na miezi mitano. Alining'inia kwenye kaptura kichwa kimelala begani, halii, anapumua tu, haraka haraka.

"Sista, huyu shingo haijakaza," dobi alisema. "Na akinyonya anatoka jasho kichwani, anaachia ziwa katikati. Naomba barua ya rufaa nimpeleke hospitali kubwa."

Nesi alikuwa ameshafika kwenye maswali ya ukuaji, nyuma ya kadi. Je, mtoto anakaza shingo? Akatia tiki. Anageukia sauti? Tiki. Anashika kitu mkononi? Tiki ya tatu, nzuri kuliko zote.

"Rufaa ni ya mtoto aliye kwenye nyekundu, mama. Wako yuko kijani. Niandike nini sasa, kwamba anang'aa kupita kiasi?"

Katika kliniki ile hapakuwa na mtoto mwekundu. Hata mmoja, miaka miwili mfululizo. Msimamizi, ambaye manesi walimwita Bibi Asilimia akiwa hayupo, alikuwa na cheti kilichosema hivyo, ndani ya fremu, juu ya meza yake. Kila baada ya miezi mitatu alipeleka sifuri yake makao makuu, na huko wakubwa wenye vitambi waliipigia makofi, maana sifuri haiombi dawa, haiombi maziwa, wala haiombi mzani mpya. Mzani mpya ulikuwa kitu cha mwisho ambacho mtu yeyote pale alikitaka.

Nyumbani, mama mkwe aliipokea kadi. Hakujua kusoma, lakini mstari aliuona ulivyokuwa ukipanda, mzuri, haujakatika popote. Akamtazama mjukuu.

"Hii kadi ndiyo inayonyonya," alisema. "Mwanangu, kadi inanenepa, mtoto anakwisha. Mbebe uende hivyo hivyo, bila barua. Wakikufukuza, wakufukuze umeshafika."

Dobi akaacha nguo za watu zimelowekwa, akaenda.

Mzani wa hospitali kubwa ulikuwa mzima, wenye tarakimu nyekundu zinazowaka. Karani wa mapokezi alimlaza mtoto juu yake, akasoma, akaichukua kadi, akasoma tena. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni na shingo ya kujiona.

"Mtoto wa kadi hii yuko wapi?"

"Si ndiye huyu, kaka."

"Mama, usinifanye mimi mjinga. Kadi inasema kilo saba, Jumanne iliyopita. Huyu ana nne na robo. Kilo mbili na robo tatu zimekwenda wapi? Umeziacha sokoni?"

Watu kwenye benchi walicheka. Baadhi yao walikuwa na watoto wagonjwa mapajani, nao wakacheka pia, kumfurahisha karani.

"Kadi inadanganya, kaka. Kule hawapimi."

"Kadi ina muhuri," karani alisema. "Wewe una muhuri?"

Kisha akalieleza benchi zima jinsi wanawake wa siku hizi wanavyoazimana kadi kama vijiko, na jinsi yeye binafsi asivyochezewa. Akapiga simu kliniki. Keshokutwa mkaguzi wa makao makuu angekwenda huko na mzani wake mwenyewe, ampime mtoto halisi, jambo lijulikane. Daktari alikuwa nyuma ya mlango uliofunguka nusu, hatua nane kutoka pale. Dobi alimwona akikoroga chai. Karani akausukuma mlango kwa mguu, ukafunga.

Jioni ile ile Bibi Asilimia alimwita dobi ofisini. Alimvutia kiti kwa mkono wake. Akauliza kama amekula.

"Umejiponza, mama," alisema kwa upole. "Mkaguzi akimwona huyu wako na kadi hii, ataandika kwamba kadi ni ya kuazima. Hiyo ni kesi. Na aliyeishika kadi ni nani? Ni wewe."

"Lakini ninyi ndio mlioandika."

"Nani alimning'iniza mtoto? Nani alipokea kadi akasema asante?"

Dobi akaitazama kadi. Ni kweli alisema asante. Alisema kila mwezi, na kuinama kidogo pia.

"Mimi nakuonea huruma," Bibi Asilimia aliendelea. "Yule muuza mboga wa mtaani kwenu, mwanawe si amejazia vizuri? Nimeshaongea naye. Keshokutwa utampakata huyo, dakika tano tu. Mkaguzi akishaondoka, nakuandikia rufaa kwa mkono wangu. Na gari la kliniki litakupeleka hadi mlangoni kwa daktari."

Dobi alimchukia mwanamke yule. Angependa kukipigiza kile cheti ukutani. Lakini mtoto mgongoni mwake alipumua kwa mkoromo mdogo, na yeye akajiona akipita mlango wa daktari, karani akimpisha. Akakubali.

Siku yenyewe muuza mboga aliketi benchi la nyuma kabisa, mtoto wa dobi amefunikwa shuka gubigubi mapajani mwake. Mbele, kwenye kiti, aliketi dobi na mtoto wa muuza mboga. Lilikuwa toto la haja, mapaja yenye pingili, mate tele. Lilimshika dobi pua likacheka.

Mkaguzi alinukia manukato hadi barazani. Mzani wake ulitoka kwenye mfuko wa ngozi.

"Saba na gramu mia," alisoma. "Sahihi kabisa. Shingo?"

Mtoto aliikaza shingo kama mwanasiasa jukwaani. Mkaguzi akapiga vidole, mtoto akageuka. Akampa kalamu, mtoto akaishika, akaitia mdomoni. Kila mtu akacheka, na Bibi Asilimia akacheka kwa muda mrefu kuliko wengine.

"Tatizo la hospitali ni dharau," mkaguzi alisema huku akiipangusa kalamu. Akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: *Kadi ni sahihi. Mtoto mzima. Anakua vizuri sana.* Akatia saini na tarehe. "Hongera, mama. Akina mama wa namna yako ndio tunaowatafuta. Wafundishe wenzako siri yako."

"Siri yake ni kufuata maelekezo, mzee," Bibi Asilimia alimjibia.

Gari la kliniki likawashwa. Mkaguzi akapanda mbele, likaondoka naye.

Dobi alisimama, yule mtoto mzito bado mkononi. "Barua, mama."

Bibi Asilimia alikuwa akikunja kitambaa cha meza ya mgeni. "Barua ya nini tena?"

"Ya rufaa. Uliniahidi."

"Niliahidi kabla hajaandika. Sasa mkaguzi mwenyewe amesema mtoto mzima, ametia na saini. Niandike mimi kwamba mkaguzi mwongo?" Akampa kadi. "Jumanne usichelewe."

Manesi walikuwa wameshaanza kumega mkate uliobaki wa mgeni. Muuza mboga alikuja mbio kutoka benchi la nyuma, shuka linaburuta sakafuni.

"Dada, nipe wangu. Mpokee wako, hapumui vizuri huyu. Mpokee!"

Wakabadilishana. Dobi akampokea mwanawe, na mikono yake, iliyokwisha kuzoea uzito wa yule mwingine, ikamrusha juu mno, kama mtu anayenyanyua ndoo akidhani ina maji, na kichwa cha mtoto kikaangukia nyuma.