Kitabu cha Phelista

Mwanamume huyo hakufuata foleni. Alizipita benchi zote za wagonjwa, viatu vimejaa tope, akaja moja kwa moja kwenye dirisha langu la kumbukumbu na kuigonga meza kwa kiganja.

"Kitabu ya mtoto wangu iko wapi?"

Sikumjua. "Habari ya asubuhi, mzee. Kitabu gani?"

"Ati kitabu gani! Si wewe ulichukua? Ulisema, 'Acha hapa baba, nikimaliza kuingiza kwa kompyuta nitakurudishia mwenyewe.' Mimi ni Eliakim, baba Phelista, ule wa kifafa. Tulikuwa tunaishi Kibomet, saa hii tulirudi nyumbani Sirisia, kule Bungoma."

Hapo nikakumbuka. Daftari la shule lililoandikwa matibabu yake, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Kompyuta zilipofika kituoni kwetu hapa Kitale nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, na niliamini kila neno tuliloambiwa. Hakuna mgonjwa atakayebeba tena daftari lililochakaa. Nilivikusanya vitabu vyao kwa furaha, nikiahidi watu kushoto na kulia.

"Daktari wa Bungoma anataka kubadilisha dawa," alisema. "Anauliza ni gani ilichubua mtoto ngozi mwaka ule. Mimi najua ilikuwa tembe nyeupe. Zote si ni nyeupe! Ameanguka mara nne tangu Jumapili, na daktari amekataa kumpa ingine bila hiyo jina. Kompyuta yao haioni yenu. Na kliniki yake inafungwa leo saa kumi."

Nilifungua faili. Phelista, miaka tisa. Kifafa. Dawa zinazomdhuru: Hapana.

Fomu ile huja na "Hapana" tayari, na kuibadilisha kunafungua kurasa tatu zaidi. Nilikuwa na vitabu sitini kwa siku. Niliiacha. Chini yake kulikuwa na uso wa kijani unaocheka. Faili haifungiki mpaka mgonjwa achague uso wa kuonyesha kama ameridhika, kwa hiyo tunaubonyeza sisi wenyewe.

"Inasema nini?"

"Inasema hakuna dawa inayomdhuru. Na kwamba wewe uliridhika."

"Niliridhika!" Alicheka kicheko kibaya. "Nani aliniuliza, bana?"

Msimamizi wetu, Kipketer, alikuwa ameshafika. "Nakhungu, laini imesimama. Hivyo vitabu viko stoo, vinachomwa Ijumaa, na hakuna ruhusa ya kufungua. Mkataba wako unaangaliwa kesho. Mashine inakuhesabia dakika."

"Mwache aende stoo, mkubwa," Sista Chepkirui alisema kutoka chumba cha pili. "Mimi siku hizi naongea na kioo cha kompyuta. Mgonjwa akitoka hata sijui alivaa nini."

"Wewe sikukuuliza!"

"Ndiyo shida. Hakuna mtu anauliza mtu."

Nilisimama. "Ile Hapana niliiacha mimi," nikamwambia Kipketer. "Na kumrudishia niliahidi mimi."

"Ukitoka hapo, acha kadi yako ya kazi mezani."

Nikaivua shingoni, nikaiacha, nikauchukua ufunguo wa stoo.

Magunia ya vitabu yalikuwa kumi na moja. Nilimwaga moja baada ya jingine sakafuni, vumbi likinikaba, nje watu wakinitukana kwa kuwachelewesha. Walikuwa na haki. Katika gunia la nane niliuona uzi mweusi. Ukurasa wa katikati, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa daktari fulani aliyekwisha kuhama: *Kabamazepini. Ngozi imechubuka, malengelenge mdomoni. ASIPEWE TENA.*

Niliporudi, Kipketer alikuwa amekaa kwenye kiti changu, akibonyeza nyuso za kijani mfululizo. Hakuinua macho.

Nilimpa Eliakim daftari kwa mikono miwili. "Nilisema nitakurudishia mwenyewe."

Alisoma maandishi mekundu polepole, midomo ikicheza. Hakunishukuru. Alilisukuma daftari ndani ya sweta, karibu na ngozi, akatoka mbio kuelekea stendi ya magari ya Bungoma. Ilikuwa saa sita na robo.