Wakunga Saba Waliofutwa Jumatano

Jumatatu asubuhi, baada ya kufagia sebule na kupangusa kibodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, Mama Taipu aliwasha kompyuta, akasubiri imalize kukohoa kama kawaida yake, kisha akafungua folda iliyoandikwa WAKUNGA. Ilikuwa tupu. Akaifunga, akaifungua tena. Akatazama kwenye pipa la taka la kompyuta. Nalo lilikuwa limemwagwa.

Watu walimwita Mama Taipu kwa sababu alipiga chapa miaka ishirini na sita katika ofisi ya hospitali, upande wa wodi ya wazazi. Alipostaafu akaanza kazi yake mwenyewe. Kwa miaka tisa alizunguka na kinasa sauti akiwatafuta wakunga wazee, wale waliozalisha watu majumbani kabla hospitali haijajengwa. Aliwarekodi saba. Kila sauti aliipiga chapa neno kwa neno, hata pale mzee aliponyamaza kutafuta miwani. Wote saba walikuwa wameshafariki, na kitabu kilikuwa kimebakiza utangulizi tu.

Hakupiga kelele. Alikuwa na nakala. Kila mwisho wa mwezi mdogo wake, Mhadhiri wa chuo, alikuja na diski ndogo ya kubebeka, akanakili kila kitu na kuondoka nayo kwenda kwake. Mhadhiri mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba nakala ikikaa nyumba moja na kompyuta, moto ukija utakula vyote viwili. Mama Taipu aliona ni akili. Tena diski ilikuwa kwa mtu aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe, mtu mwenye ufunguo wa nyumba yake.

Akaenda kwa mdogo wake siku hiyohiyo. Mhadhiri alimkalisha, akamsikiliza, akashika mdomo.

"Dada, sijui nikwambieje. Diski iliniponyoka ngazini. Haisomi tena."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Niliogopa kukwambia."

Akalia. Mama Taipu alimbembeleza, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, akarudi nyumbani na kitambaa chake kikiwa kimelowa machozi ya mwenzake.

Jumanne akaja fundi wa kompyuta, mtu mzima wa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Kabla hajafungua begi akauliza, "Mama, tangu jana umeandika chochote humu?"

"Sijagusa."

"Umefanya la maana. Kufuta si kutoa. Mashine inabandua jina mlangoni tu, wenyewe bado wamo ndani wamekaa. Hatari ni wapangaji wengine wakihamia."

Alichomoa diski kutoka ndani ya kompyuta, akaiunganisha na mashine yake, akawasha programu ya kurejesha. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani.

Ulipofika asilimia kumi na nne, mkunga wa kwanza alitokea kando ya meza.

"Pita huku, mama, angalia waya," fundi akamwambia, akiinua waya kwa kidole.

Mkunga alipita, akaketi kwenye kochi, akatandaza gauni lake magotini. Kwenye asilimia ishirini na tisa akaja wa pili. Kochi lilipojaa, Mama Taipu alileta viti vya mezani, na kigoda cha jikoni kwa ajili ya yule mfupi. Si wote waliorudi wazima. Wa tatu hakuwa na mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko. Wa tano alikuwa akianza kuzungumza katikati ya sentensi.

"…ndiyo maana nikawaambia chemsheni maji kwanza," akasema, akimpa Mama Taipu mkono.

"Sehemu ya mwanzo imeshahamiwa," fundi akaeleza. "Niwieni radhi. Hapo siwezi."

Wa saba, aliyekuwa mkubwa wao na ambaye wote walimwita Bibi, alirudi mzima na kikohozi chake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

Fundi alifunga begi, akaaga mmoja mmoja, akaondoka. Wakunga wakakaa kimya, kila mmoja akimwachia mwenzake. Mama Taipu aliujua ukimya huo. Ndio uliokuwa ukitangulia wodini pale mtu alipotoka kumweleza mume aliyekuwa akingoja nje.

"Tulifutwa Jumatano," wa kwanza akasema mwishowe. "Saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa umekwenda kupimwa macho."

"Na nani?"

"Mdogo wako. Alihakikisha kwanza kwamba wote tumo kwenye diski yake, na kwamba tunafunguka vizuri. Ndipo akatufuta. Alikuwa na haraka, lakini hasira hakuwa nayo."

Mama Taipu alikwenda jikoni kuinjika chai. Akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa akiikumbuka Jumatano hiyo. Alikuwa amejua mdogo wake atapita, akamwachia chakula mezani, kimefunikwa. Aliporudi alikuta sahani imeoshwa na kuegeshwa ikauke.

Kesho yake alikwenda chuoni, na wakunga saba nyuma yake kwa mstari. Mhadhiri aliinuka kitini.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba."

Akamwambia katibu wake alete viti, na mlango ufungwe.

"Diski ilianguka?" Mama Taipu akauliza.

"Haikuanguka, dada."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa kitabu kipya kinachonuka wino. Wakunga walikuwa kwenye jalada, wamechorwa. Jina lilikuwa la Mhadhiri.

"Ungenakili tu ukaniachia zangu. Kwa nini ulifuta?"

"Zingebaki tarehe zako, za kabla ya kitabu changu." Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mahali pa kusaini. "Miaka tisa, dada. Kila nikija unaniambia bado kidogo, bado kidogo. Mimi mchapishaji aliniuliza mara moja tu, nikampelekea. Na wewe, nani anakujua?"

"Ungeniomba."

"Ungekataa?"

Mama Taipu alifikiri kweli. Alitaka kujibu sawasawa.

"Nisingekataa. Tungeweka majina mawili."

"Ndiyo hivyo," Mhadhiri akasema.

Kwa mchapishaji walipokewa vizuri zaidi. Aliwaagizia wakunga chai, akawasikiliza mmoja baada ya mwingine hadi adhuhuri, akamsubiri kwa subira yule anayeanza katikati. Kisha akafungua faili zilizorejeshwa, akasogeza kioo Mama Taipu aone.

"Sina shaka na mama hawa hata kidogo. Lakini mashine imeziandika faili zako kwamba zimeundwa jana. Kitabu kimetoka wiki iliyopita. Halafu, kwa utaratibu wetu, wanaosimuliwa kitabuni hawatoi ushahidi juu ya kitabu."

Akawapa nakala moja moja, bure. Walizifungua nje, wamekaa kwenye ukuta mfupi wa maegesho. Ukurasa wa shukrani ulikuwa na mstari mmoja: Kwa dada yangu, aliyenitunzia nakala. Wakunga wenye kusoma wakaanza kusomeana. Walikubaliana kwamba maneno ni yaleyale, mpaka mahali pa vikohozi.

Bibi hakujua kusoma. Akamsogezea Mama Taipu kitabu chake.

"Nitafutie, mwanangu. Mimi niko ukurasa wa ngapi?"

Mama Taipu alitafuta kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akatoka nyuma kuja mbele. Sura zilikuwa sita.

"Hukuwekwa, Bibi."

Bibi akatikisa kichwa, akafunga kitabu na kukiweka chini ya mapaja apate kukalia. Sura yake ilikuwa ya mwanamke aliyevuja damu siku mbili baada ya kujifungua, akafa, na mtoto mchanga akakabidhiwa dada yake wa miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni. Katika kitabu kizima alichokipiga chapa Mama Taipu, ndiyo sura pekee iliyomtaja yeye mwenyewe.

Wakunga walikaa kwake wiki sita. Majirani waliwazoea siku ya pili. Wajawazito wa mtaani walipita jioni kukandwa mgongo, na yule wa mkono mmoja ndiye aliyependwa kuliko wote, kwa kuwa mkono uliobaki ulikuwa na joto. Mama Taipu alilala sebuleni, akawaachia chumba. Wakati mwingine alimpigia simu mdogo wake. Ilipokelewa mara zote, nao walizungumza habari za afya.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, basi dogo la mchapishaji likasimama nje. Mhadhiri akashuka na karatasi. Alimwamkia dada yake, akawaamkia wakunga, akaeleza kwamba kitabu kinachapwa mara ya pili na kuna safari ya miji kumi na mbili ya kukitangaza. Kifungu cha tisa cha mkataba kilisema vyote vilivyomo kitabuni viko chini ya mchapishaji. Basi lilikuwa na viti laini.

Wakunga walitazamana.

"Si umesikia, mwanangu," wa kwanza akamwambia Mama Taipu. Alikuwa akikunja mtandio wake kwa makini, pembe kwa pembe. "Tumeandikwa. Kitabu kinakokwenda ndiko twendako."

"…na wala usikae na njaa," akasema wa tano, akamkumbatia.

Mama Taipu aliwafungia mkate na chupa ya chai ya njiani. Hakulia. Mhadhiri alisimama mlangoni akiwaita kwa karatasi, na kila aliyeitwa alipita akapanda. Sita walipokwisha kupanda, Bibi naye alikuwa amesimama kwenye foleni, viatu tayari miguuni. Mhadhiri alishuka na kidole hadi chini ya karatasi.

"Huyu hayumo," akasema. "Mimi simjui."

Akakunja karatasi, akapanda mbele kwa dereva. Basi likaondoka. Wale sita wakapunga kupitia vioo mpaka kwenye kona.

Bibi alivua viatu, kimoja kimoja, akishikilia bega la Mama Taipu.

"Mimi namjua," akasema. "Huyu alitanguliza miguu. Kichwa ndicho kilichotuchelewesha."