Gogo Sebuleni kwa Taban

Kiden aliposhuka kwenye bodaboda pale Midia, alidhani amekosea njia. Msitu haupo! Kile kipande cha msitu nyuma ya nyumba ya baba yake mdogo, Taban, kimebaki visiki vitupu, na magogo yamepangwa kando ya banda la kukaushia tumbaku, yanangoja moto.

Jamani, si walikubaliana? Si Taban mwenyewe aliapa kwenye simu, mtu mzima na ndevu zake, kwamba hatagusa mti hata mmoja mpaka Kiden arudi kutoka chuoni Arua? Humo msituni ndimo alimokaa buibui wake wa utafiti, mdogo kama punje ya mtama, macho makubwa mbele, asiyetega utando bali anayewinda kwa kuruka. Mwalimu wake hajamwona mahali pengine popote. Dume Kiden alikuwa naye, kwenye chupa ya jemu. Jike ndiye aliyebaki msituni.

“Baba mdogo, ulisema utangoja!”

“Tumbaku haingoji,” Taban akajibu, kiberiti mkononi. “Na buibui iko kila mahali. Ingia jikoni, chagua.”

Hasira zilimpanda Kiden. Akayavamia magogo, akabandua magome moja baada ya jingine, kucha zikivunjika, Taban akisonya nyuma yake. Mwishowe akamwona. Chini ya gome, ndani ya kifuko cheupe cha nyuzi, jike alikuwa amelalia mayai yake.

“Haya, umepata. Peleka huko, mimi niwashe.”

“Nipeleke wapi? Umebakiza wapi?”

Taban akatazama visiki. Kiden akaendelea:

“Vita vilipowafukuza hapa, ukiwa mtoto, mkakimbilia Yei, ng’ambo ya mpaka, nani aliwapokea? Si mwenyewe ulitusimulia? Watu msiowajua waliwapa chumba chao!”

Keji, mke wa Taban, mzaliwa wa hukohuko Yei, alikuwa mlangoni akisikia yote. Aliingia sebuleni, akasogeza kando kiti cha mumewe, kile anachokalia kusikiliza redio, kisha akatoka kumsaidia Kiden.

Wakaliviringisha gogo wawili hao mpaka ndani, polepole, wasimwamshe mwenye mayai. Kiden akafungua chupa. Dume akaruka juu ya gome, akageuka, akamkodolea Taban macho yake yote.

“Sasa mimi nitakaa wapi?” Taban akafoka.

“Nafasi iko jikoni,” Keji akasema. “Ingia, chagua.”