Kitufe Kimoja cha Kijani

"Naftali, usibonyeze! Nakwambia usi—"

"Niachilie mkono, Peninah, zimebaki sekunde ishirini—"

"Si ziishe! Ziishe tu!"

"Ziishe niandikwe nimetoroka kazi? Wewe ndio utawaeleza?"

Akabonyeza. Ile saa ya mkononi ikatetema mara moja, ikanyamaza. Peninah akamwachilia kakake, akapangusa kiganja kwenye sketi. Mkono wa Naftali ulikuwa baridi kama nyama ya friji.

Naftali alikufa Jumanne, saa nane mchana, akilinda geti la yadi ya magari karibu na bandari ya Hamriya, huko ughaibuni. Alianguka kando ya kiti chake cha plastiki, juani. Ilipofika saa tisa, saa ya kampuni ikauliza swali lake la kila baada ya dakika sitini: UKO SAWA? Chini ya swali kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kijani: NDIYO. Kwa mazoea, Naftali akabonyeza. Halafu akainuka, akakung'uta suruali, akaenda kumfungulia mwenye Land Cruiser aliyekuwa anapiga honi.

Wenzake wa chumbani, huko Al Nahda, hawakusumbuka. Walikuwa wanane, na mtu asiyepanga foleni ya choo asubuhi ni mtu wa kuishi naye. Shomari, Mtanzania wa kitanda cha juu, alilalamikia AC tu. "Kaka Naftali anaiweka kumi na sita," alisema. "Sisi wengine bado tuna damu, bwana."

Aliyeogopa ni Peninah. Shomari alipompigia Jumanne kumwambia kakake amekufa, yeye akampigia mama yao kule Kimilili kabla hajatoka Rashidiya kuja kumwona marehemu. Sasa ilikuwa Jumamosi na kaburi lilishachimbwa, na kwao kaburi halilazwi wazi. Wazee walisema jioni ikifika bila mwili, watazika shina la mgomba kwa jina la Naftali. Mgomba ukishazikwa, Naftali hatakuwa na mahali pa kurudi.

Peninah alikuwa ameshampeleka kliniki. Daktari alisikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akatikisa kichwa, kisha akaangalia kompyuta. "Sistimu inasema yuko sawa," alisema. Akamwita mgonjwa mwingine. Bila cheti cha kifo, hakuna ndege ya kubeba sanduku. Mkanda wa saa nao haukuwa na kifungo. Walijaribu kisu cha jikoni, kikapinda.

Saa kumi na mbili kasorobo jioni akaja chumbani Nassir, msimamizi wa kampuni, mtu wa Tanga, faili kwapani.

"Sir, muongeze kitufe kimoja tu," Peninah alimwambia. "Cha hapana."

"Dada yangu, niliandika. Waliotengeneza wakanijibu kitufe cha pili kitawachanganya watumiaji. Wanasema walifanya majaribio na watu mia mbili, wote wakabonyeza ndiyo."

"Walikuwa na kitufe kingine cha kubonyeza?"

"Hawakuwa nacho."

"Basi kateni mkanda, khalas, yaishe."

"Ukikatwa, inaandika ametoroka. Mtoro hapewi cheti cha kifo. Anatafutwa."

"Si nilikwambia?" Naftali alisema kutoka kitandani. "Peninah, mimi sitaki kutafutwa."

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Wamekuja na mgomba," alisema. "Niwaambie aje?"

"Wangoje, mama. Tafadhali wangoje."

"Wamekataa kungoja, mwanangu."

Kwenye simu Peninah akasikia jembe likisukuma udongo. Naftali akashika kifua. Udongo mwekundu ukaanza kumdondoka mabegani, ukaanguka kwenye shuka, kisha sakafuni. Shomari akachukua ufagio, akafagia kuelekea mlangoni, akarudia. Peninah alikuwa amemkumbatia kakake, akimkung'uta shingo na nywele, lakini udongo ulikuwa unakuja kwa kasi kuliko mikono yake.

Saa kumi na mbili kamili, saa ikatetema. UKO SAWA?

Naftali akaipangusa kioo, akabonyeza.

Nassir aliangalia mpaka mwisho. Akaandika kitu kwenye faili, akalifunga. Wakadhani anaondoka, lakini aliurudisha mlango, akausukuma mpaka ukashika. Akapandisha mkono wa shati lake. Saa yake ilikuwa ya zamani kidogo, na mkanda ulishazama ndani ya nyama.

"Dada Peninah," alisema polepole, "siku mkipata njia ya kumpeleka, mnichukue na mimi. Hata huko huko Kimilili. Sichagui."