Chini ya Mkwamba Hapafagiwi

Bi Sheikha hakuwahi kulala na uwanja mchafu. Miaka thelathini alisomesha watoto wa Malindi, Unguja mjini, na kila alasiri alifagia ua wa nyumba ya mama yake mpaka ukang'aa, chini ya mlangilangi ulionukia mtaa mzima. Masika ya mwaka juzi mlangilangi ule ulianguka, naye akalia kana kwamba mama amekufa mara ya pili. Alichookoa ni miche yake sita iliyojiotea penye ukuta. Aliitia kwenye makopo, akahamia nayo kijiji cha pwani cha Uroa, kwenye kiwanja alichonunua kwa kiinua mgongo chake.

Na alipofika alifanya nini? Alifanya lile analolijua. Alifyeka vichaka, akang'oa kila kilicho kijani, akafagia mpaka mawe yakabaki meupe. Kilisalia kichaka kimoja tu cha mkwamba pembeni, kwa kuwa panga lilikwisha kuwa butu. Akapanda miche yake kwa mstari, akaimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya miezi miwili, minne ilikuwa imekauka.

Jirani yake, Bi Sichana, Mtumbatu aliyeolewa Uroa na asiyejua kuficha neno, alikuja kuitazama.

"Bi Sheikha, hapa maweni. Udongo kiganja kimoja, chini yake jiwe. Umeivua nguo miche yako, ukaianika."

"Mbona nnaimwagilia kila siku?"

"Maji yanapita, yanakwenda zake. Njoo."

Akamshika mkono, akauingiza chini ya mkwamba. Chini ya majani makavu mlikuwa na udongo mweusi, wa baridi, unaonata vidoleni. Bi Sheikha akarudi kuugusa ule aliousafisha mwenyewe. Ulichoma.

"Huu mkwamba ndio mwenyeji," alisema Bi Sichana. "Ushazoea chumvi na jua, ushajitandikia. Mgeni akifika humfukuzi mwenyeji, unamlaza kwake. Lakini usifagie."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomuuma Bi Sheikha.

Hata hivyo miche miwili iliyobaki ilihamia chini ya mkwamba. Mmoja haukumaliza wiki. Wa pili ulisimama, ukakaa kimya muda mrefu, kisha ukachomoza jani. Kila asubuhi Bi Sheikha alifagia mpaka karibu na kichaka, akasita, akageuka huku mkono unamuwasha. Ilipofika Idi, mche ulikuwa na majani tisa, na yeye alikuwa akiyahesabu kabla ya chai.

Siku ya Idi akaja dada yake kutoka mjini, Bi Arwa, na zawadi yake mkononi: ufagio mpya wa chelewa. Bi Arwa alimzidi miaka minane, na Bi Sheikha tangu azaliwe hajawahi kumwambia hapana. Walisalimiana, wakacheka, kisha mwenyeji akaingia jikoni kuangalia wali na mchuzi. Akausikia ufagio. Baadaye akasikia panga.

Alitoka mbio na upawa unaochuruzika mchuzi. Majani yote ya chini ya mkwamba yalikuwa yamekusanywa fungu moja, na Bi Arwa ameshainua panga.

"Dada, weka panga chini."

"Wageni waingie waone kichaka? Mama angesemaje?"

"Nshasema, dada. Weka chini." Akasimama kati yake na kichaka.

Bi Arwa aliliweka, kwa mshangao zaidi kuliko utiifu. Bi Sheikha akainama, akayainua matawi. Dada mtu akachuchumaa, akalishika jani moja refu la mche, akaupitisha ukingo wake kati ya vidole.

"Majani haya nnayajua. Nimeyafagia miaka arobaini." Akautazama mche mpaka shinani. "Ni wa mama?"

"Ndio uliobaki."

Bi Arwa alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha, na nguo yake ya Idi mwilini, akaanza kuyarudisha majani makavu chini ya mkwamba, gao baada ya gao, yeye ambaye maisha yake yote hakumwaga taka mahali.

"Nimeyaweka sawa? Au huku yamezidi?"

"Yako sawa, dada."

Alasiri, gari ya kurudi mjini ilipofika, Bi Arwa alipanda akiwa ameukumbatia ule ufagio.

"Nnakujua wewe," alimwambia mdogo wake. "Huu siuachi hapa."