Fundo la Khanga

Kwa miaka saba Evaline hakuwahi kuvuka kizingiti cha mashine ya kusaga. Alibeba debe la mahindi kutoka nyumbani, pale pale mtaani Mfaranyaki, akalitua mlangoni, na mama yake mdogo Kunegunda akaliingiza ndani. Yeye alibaki dirishani, akishika nondo, akiutazama mkanda mrefu unaozungusha gurudumu na swichi nyekundu iliyokuwa ukutani nyuma ya gurudumu hilo. Alijua hatua ni ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye swichi. Tisa.

Nyumbani walijua kwamba mama yake alifia kwenye mashine kama ile, kule Namtumbo, khanga yake iliponaswa. Hawakujua yaliyobaki. Evaline, mwenye miaka sita, alikuwa pembeni yake. Vidole vya mama vilikuwa vimeshalishika fundo la kiunoni ili alifungue. Mtoto akaikamata khanga, akaivuta amwokoe mama. Fundo likakaza.

Asubuhi hiyo ya Julai ilikuwa na baridi kali, na Kunegunda alikuwa amejifunga khanga mbili juu ya gauni. Msagaji, Hironimus, alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ana mwezi mmoja tangu atoke Hanga.

"Binti, ingia upate joto," alisema. "Mashine yangu inakula mahindi tu."

"Mwache," Kunegunda akamkata. "Huyo ni mlinzi wangu."

"Mlinzi gani anaogopa vumbi?"

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hironimus akatoka kwenda kushusha gunia kwenye bodaboda. Kunegunda akaona beseni limejaa unga, akainama kulisogeza. Ncha ya khanga ya juu ikapeperuka, mkanda ukaichukua.

Wale wanawake wakamkumbatia kiunoni, wakavuta. Yeye mwenyewe akaishika khanga kwa mikono yote miwili, akavuta.

"Msivute," Evaline alisema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mashine ikaimeza sauti yake. Aliliona fundo likizama tumboni mwa mama mdogo.

Akaacha nondo za dirisha, akafika mlangoni, akasita. Akaanza kuhesabu, maana kuhesabu alikuwa amekuzoea. Moja, kizingiti. Nne, mgongo ukagusa ukuta. Saba, upepo wa mkanda ukampiga shavuni. Tisa. Akaishusha swichi.

Gurudumu halikusimama hapo hapo. Liliendelea kuzunguka kwa uzito wake, likimvuta Kunegunda taratibu.

"Mwachieni," Evaline akawaambia wanawake. "Mama, achia khanga. Sogea mbele kidogo."

"Nisogee kwenye gurudumu?"

"Kidogo tu. Fundo lilegee."

Kunegunda akamtazama usoni. Kisha akasogea nusu hatua. Vidole vya Evaline vikaingia ndani ya fundo, vikalifungua. Khanga ikamtoka kiunoni, ikajiviringisha kwenye gurudumu, na gurudumu likasimama.

Walikaa nje ukutani, juani. Hapo Evaline akasema yote, polepole, mpaka lile fundo la Namtumbo. Kunegunda akafungua viganja vyake, vimechubuka.

"Umeniona nilivyovuta?"

"Nimekuona."

"Nina miaka hamsini na mbili, Eva. Ningekufa leo, ungesema nimejiua?"

Evaline alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, naye hakuyafuta.

Hironimus akaja, kofia mkononi. "Mama, mahindi yenu yamebaki nusu. Naogopa kuwasha."

Evaline ndiye aliyesimama, akachomeka ncha za sweta lake ndani ya sketi.

"Toa kwanza hiyo khanga," alimwambia. "Halafu tafuta mbao tuzibe mbele ya mkanda. Nitakushikia wakati unapigilia misumari."

Akatangulia kuingia.