Fundi Asiyeamka

Nyuzi za mtafiti zilikuwa zimegoma kutoa matawi wiki ya tatu sasa. Chini ya hadubini zilinyooka tu, kila uzi na lwake, kama mawifi waliogombana. Mkuu wa maabara alishasema: picha ya matawi isipopatikana leo kabla ya saa nne, utafiti anapewa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo alikoroga tu chai bila kuinywa. Mama mkwe, ambaye hakuna jambo la nyumba ile lisilomhusu, akamkazia macho.

“Hebu nieleze, mwanangu, nini kinakunyima raha?”

“Ndani ya seli, mama, kuna nyuzi za aktini. Zikiota matawi zinakuwa wavu, na wavu ndio unaoisukuma seli itembee. Sasa kuna fundi, protini saba zilizoshikana. Kazi yake ni kukaa juu ya uzi mama na kuanzisha tawi ubavuni.”

“Na huyo fundi hajui kazi?”

“Anaijua sana. Ila analala mpaka aamshwe.”

Chumbani mumewe alikoroma. Fundi bomba hodari yule, sifa zake mtaa mzima, lakini saa za kazi humkuta kitandani. Mama mkwe aliutazama mlango wa chumba, akashusha pumzi.

“Na nani anamwamsha?”

“Kuna protini nyingine ambayo…”

Kijiko kikamponyoka. Tangu mwenzake aliyekuwa akitayarisha mchanganyiko ahamishwe, yeye alikuwa akiendelea tu, akiamini mwamshaji yumo. Hakuwahi kumtia! Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu wetu nusura afe na shahada mbili kabatini.

Alitoka mbio, viatu mkononi. Saa tatu u nusu akadondosha tone la mwamshaji, akachungulia. Tawi la kwanza likachipua ubavuni mwa uzi, likafuata la pili, kisha matawi juu ya matawi. Alilia kwa furaha, akapiga picha, akamkabidhi mkuu zikiwa zimebaki dakika nne. Mkuu akasema utafiti ni wake.

Akapiga simu nyumbani.

“Yameota, mama! Fundi kaamka!”

“Kwa kitu gani?”

“Tone moja tu!”

Simu ikawekwa mezani. Yakasikika maji yakimwagika, kisha yowe la mume.

“Basi wako mwepesi,” akasema mama mkwe. “Huyu wangu kala jagi zima.”